Kamera Mbele ya Kinu

Njugu mawe hazina haraka na mtu. Utaziloweka usiku kucha, utazibandika asubuhi, utachochea kuni, utaongeza maji, na bado ukiitia moja jinoni itakukumbusha kwa nini ikaitwa jiwe. Kwa mpishi wa Ruponda hilo si neno. Anajua kwamba chungu kikishakaa mafigani ana nafasi ya kwenda kisimani, kupepeta mtama na kumsikiliza jirani hadi mwisho wa kisa. Mwenye taabu ni mpiga filamu. Betri yake ni ya saa mbili, mwanga wake utaharibika jua likifika utosini, na mtazamaji anayemlenga ana miaka 17 na kidole gumba kilichozoea kufukuza picha kila baada ya sekunde 10. Atafanya nini na chungu kisichotaka kuiva?

Wengi hukata. Picha ya kwanza njugu mbichi, ya pili njugu zilizoiva, katikati muziki. Nimetazama filamu nyingi za namna hiyo na sikumbuki hata moja iliyonitia njaa. Fundi hakati hivyo. Huiweka kamera chini, usawa wa jicho la mtoto aliyechuchumaa, akangoja mpaka povu la kwanza linyanyue kifuniko, maji yachuruzike ubavuni mwa chungu na moto ulie chwaa. Picha yenyewe haizidi sekunde 20, na ameipata baada ya kuvuta moshi saa nzima. Ukiiona unahisi kwamba chakula hiki kina muda ndani yake, na mate yanakuja kabla hujaambiwa ni chakula gani. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsifu hapa, kwa sababu kazi yake hudhaniwa kuwa rahisi.

Ruponda ni kata ya Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi; Ruangwa ni wilaya jirani, na watu, mbegu na mashemeji huvuka mpaka bila kuuliza. Ni nchi ya Wamwera hasa, pamoja na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo waliooana humo kwa vizazi. Ukiorodhesha kinachomea hapo utadhani umenakili bango la kliniki ya watoto: muhogo, mtama, mahindi, mbaazi, kunde, choroko, karanga, njugu mawe, ufuta, korosho, maembe. Porini kuna ming'oko, vile viazi vyembamba vya kusini ambavyo mgeni huviona vimechemshwa na kupangwa kando ya barabara, akadhani ni mizizi ya dawa, mpaka mtu amwonyeshe kumenya ganda kwa vidole na kuchovya kwenye chumvi na pilipili. Mabibo, tunda la mkorosho ambalo aghalabu huachwa lioze chini baada ya korosho yake kuokotwa, yana vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa.

Lakini shamba kujaa si sahani kujaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ile ile tunayoisifu kuwa ghala la taifa. Mazao yakishageuka fedha machoni mwa watu, hutoka shambani kwenda mnadani bila kupitia jikoni. Mwezi Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi za kuagizwa kutoka nje, bei huku kwetu ikaporomoka, na mikoa ya kusini ikabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Kilio kilikuwa cha haki. Karo hailipwi kwa mbaazi. Ila katika habari zote nilizozisoma mwaka ule, sikuona hata moja iliyopiga picha ya mbaazi zikiwa sahanini, zimeungwa kwa nazi, karibu na ugali. Zilipigwa picha zikiwa kwenye gunia tu.

Nachingwea ina historia ya kupigwa picha za upande mmoja. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango mkubwa wa karanga: Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea. Mabuldoza yaling'oa miti, reli ikajengwa kutoka pwani, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umefutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Kamera za habari za wakati ule zilipenda matrekta. Mwanamke aliyepanda karanga zake mistari michache nyuma ya nyumba, akazichanganya na muhogo, akavuna na kula, hakuwa habari.

Filamu za kufundisha nazo zilikuwa zimeshaingia. Kati ya 1935 na 1937, Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na wenzake waliendesha jaribio la sinema za elimu lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu fupi zaidi ya 30 za kilimo, afya na uchumi wa nyumbani, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, maelezo yakisikika kutoka kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali. Wakati wa vita Uingereza ikaunda kitengo cha filamu za makoloni, na mmoja wa wakubwa wake, William Sellers, akaweka sheria: filamu ya Mwafrika iende polepole, iwe na jambo moja, isirukeruke, kwa kuwa mtazamaji huyo hajui kusoma picha.

Kutoka nyakati hizo kimebaki kisa cha kuku. Wataalamu walionyesha wanakijiji filamu ya dakika tano hivi kuhusu usafi: namna ya kuondoa maji yaliyotuama, kuokota makopo, kufukia madimbwi. Ilipokwisha waliwauliza wameona nini. Wakajibiwa: tumeona kuku. Wataalamu wakashangaa, maana hawakumbuki kuweka kuku. Wakairudia filamu picha kwa picha, na kweli, kuku alikatiza pembeni kwa muda wa sekunde moja. Kisa hiki kimesimuliwa miaka mingi katika vitabu vya Ulaya na Marekani kuthibitisha kwamba watu wale hawakujua kutazama sinema.

Mimi nakisoma kinyume. Watengenezaji walikuwa na filamu ile mikononi, wameipiga, wameikata, wameitazama mara nyingi, na kuku hawakumwona. Wanakijiji waliitazama mara moja wakamwona. Nani hajui kutazama? Na isitoshe, katika filamu nzima ya makopo na madimbwi, kilichokuwa hai, kilichotaga, kilichoweza kuwa kitoweo cha mgeni, kilikuwa kuku peke yake. Watazamaji walikwenda moja kwa moja kwenye chakula. Mtu akitaka kujifunza kupiga filamu ya lishe na aanzie kwenye kuku yule: ajue kila kilichomo ndani ya picha yake, kwa sababu watu wa kule anakokwenda wataona kila kitu.

Mwaka 1952 ikatoka filamu ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu, akaigiza ndani yake kijana aitwaye Rashidi Kawawa, ambaye miaka 10 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Si filamu ya kilimo; ni ya mtu wa shamba anayeingia mjini. Naitaja kwa ajili ya jina. Muhogo mchungu ni jambo zito kusini kuliko linavyosikika, na ndipo ufundi ninaousifu unapopata mtihani wake mgumu.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Watu wa kusini wanaupenda kwa sababu nguruwe na nyani wanauacha, na kwa vizazi wamejua kuumenya, kuulowesha, kuuanika makopa, kuutwanga. Mwaka wa ukame na njaa hatua hizo hufupishwa, na hapo ndipo balaa huingia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiotibika, uliibuka Mtwara na Mbinga, ukawapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na wenzake wakapendekeza njia isiyohitaji chombo cha pekee wala kemikali. Unga wa muhogo unatiwa kwenye bakuli, unasawazishwa, alama inachorwa ndani ya bakuli usawa wa unga. Maji yanaongezwa huku ukikoroga. Unga unashuka chini ya alama, kisha unapanda tena taratibu, na ukifika kwenye alama unaacha. Ule unyevu unatandazwa juu ya mkeka, wembamba usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Jioni unasonga ugali.

Sasa piga filamu ya hilo. Alama kwenye bakuli ni zawadi kwa mpiga picha: mstari mmoja, unga ukishuka, ukipanda, ukigusa. Mtoto wa darasa la pili ataelewa bila neno. Lakini baada ya hapo unabaki na unga umelala kwenye mkeka na sumu isiyoonekana ikitoka. Saa tano za kitu kisichotokea. Asiye fundi ataweka saa ya ukutani na mishale ikizunguka mbio, au maandishi mekundu. Fundi atautazama ua. Ataona kwamba kivuli cha mwembe kinasogea. Saa nne kimefunika mkeka wote, saa sita kimeanza kuuacha upande mmoja, na mama anainuka kuuvuta mkeka ukakifuate kivuli. Atapiga hilo. Ataona kwamba kuku anakuja kudonoa, anafukuzwa na mtoto kwa fimbo, anazunguka nyuma ya nyumba, anarudi. Atapiga kila mara anaporudi. Saa tano zitasimuliwa kwa kivuli kilichohama na kuku aliyefukuzwa mara nne, na mtazamaji atacheka, na akicheka amekaa, na akikaa ameelewa kwamba kungoja ni sehemu ya upishi. Kuku yule wa wataalamu wa kale amepata kazi hatimaye.

Nilipoelewa jambo hili nilikuwa nimeshafanya kosa langu. Niliwahi kutengeneza filamu fupi ya mlenda, nikajivunia rangi zake: kijani kikali, kitunguu chekundu, sufuria inayong'aa. Nikaweka juu yake muziki wa kisasa ili vijana wasichoke. Nilipoionyesha, bibi mmoja aliyekuwa amekaa mbele aliuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mlenda wako haulii?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba mlenda ukikorogwa una sauti, na mpishi huijua sauti hiyo. Ukilia vile umekuwa, usipolia bado. Muziki wangu ulikuwa umeuziba mdomo mlenda. Nilirudi nyumbani nikautoa muziki wote, na nilichokuta chini yake kilikuwa upepo tu, maana maikrofoni nilikuwa nimeiacha juu ya kamera, hatua sita kutoka jikoni.

Kwa hiyo sasa nasikiliza kwanza. Fundi wa filamu za chakula huanza kwa sikio. Chukua kisamvu. Kinu cha mti mgumu kina sauti moja kikiwa kitupu, nyingine majani yakiwa bado mabichi, nyingine kabisa yakishalainika na kuanza kutoa maji. Mtwangaji hainamii kinu kuchungulia kama majani yamekuwa tayari, anasikia. Wakiwa wawili, michi inapokezana, pu-pu, pu-pu, na mazungumzo yanakaa katikati ya mapigo bila kuyavuruga. Mpiga filamu anayejua kazi yake atafunga maikrofoni kwa kipande cha kitenge isipate upepo, ataiweka chini karibu na kinu, atanasa dakika nzima ya mapigo bila kupiga picha yoyote. Dakika hiyo ndiyo uti wa mgongo wa filamu yake. Baadaye, akikata picha, atakata kwa pigo la mchi, na macho ya mtazamaji yatafuata bila kujua yanaongozwa na nini. Na kutwanga huko si mapambo: majani ya muhogo nayo yana sumu ile ile, na ni kule kupondwa na kuchemshwa vizuri kunakoyafanya yalike. Ukimwonyesha kijana mtwango wote, umemfundisha kemia bila ubao.

Mwanga pia una adabu yake. Jiko la Ruponda mara nyingi lina giza na mlango mmoja. Nje jua linaunguza kila kitu kuwa cheupe. Wageni huja na taa. Taa huua moshi, na moshi ndio unaokwambia kwamba kuni ni za mkorosho au za mti mwingine. Wenye uzoefu humwomba mpishi asogeze ubao wake hatua mbili kuelekea mlangoni, wakangoja saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, mwanga unapoingia kwa ubavu na kuonyesha mvuke ukipanda kutoka kwenye mbaazi. Unga wa mtama ukipepetwa dhidi ya mwanga huo ni kitu cha kutazamwa kwa heshima. Pumba huruka, unga hubaki, ungo hugeuka mkononi kama kitu kilichozaliwa hapo.

Zaidi ya yote ni kujua kinachofuata. Siku moja uani nilimsikia binti aliyekuwa ameshika simu ya kupigia picha akimwambia bibi yake:

"Bibi, rudia kidogo, sikukupata vizuri."

"Nirudie nini, mjukuu wangu? Chungu hakirudii."

Maneno hayo mawili ya mwisho yangepaswa kuandikwa kwenye mlango wa kila chuo cha filamu. Mwigizaji hurudia. Chungu hakirudii. Tui likishamiminwa limemiminwa. Anayetaka kulinasa tui likiingia kwenye kisamvu, na kile kijani kikipauka ghafla na kung'aa tena, hana budi kujua dakika tatu kabla kwamba bibi atanyoosha mkono kwenye kata. Na hatajua hilo kwa kusoma. Atajua kwa kupika kisamvu hicho mara mbili au tatu bila kamera, akiwa ameshika mchi yeye mwenyewe, akalia kwa moshi, akaonja, akaambiwa bado. Binti yule alikuja kuelewa. Safari ya pili aliiweka simu kando, akatwanga. Safari ya tatu alikuwa ameshajua asimame wapi.

Hapo ndipo ninapoona filamu inavyowavuta vijana kwenye chakula cha kwao, na sidhani kama wengi wanaofadhili filamu hizo wamelitambua. Wanahesabu waliotazama. Mimi ningehesabu waliopiga. Kijana anayetazama filamu ya njugu mawe huenda akazipenda, huenda akasahau keshoye. Kijana aliyetumwa kuipiga hana pa kukimbilia: ni lazima ajue njugu hulimwa lini, hulowekwa muda gani, nani kijijini anazo mbegu nyeusi na nani anazo nyeupe, na kwa nini shangazi fulani hutia magadi na bibi hataki kusikia habari za magadi. Ni lazima akae na mtu mzima nusu siku bila kuangalia saa. Ming'oko inafundisha hivyo hivyo. Huwezi kuipiga picha sokoni ukasema umemaliza. Itakubidi umfuate mchimbaji porini wakati wa kiangazi, ujue jani lake lililokauka kwenye mti lililoutambaa, ulale kifudifudi kando ya shimo kuonyesha mkono ukiufuata mzizi ardhini bila kuuvunja. Utarudi na vumbi kwenye lenzi na jina la mmea usilolisahau.

Kusini wamewahi kuona video ikifanya kazi namna hii. Miaka ya 1990, mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Lindi na Mtwara ulianza kutumia video shirikishi, na kutokana na kazi hiyo likakua kundi lililojiita Maneno Mengi. Wavuvi waliokerwa na uvuvi wa baruti walizungumza mbele ya kamera, wakajitazama, wakabishana, wakasema tena vizuri zaidi, na mikanda ikapelekwa kwa vijiji vingine na kwa viongozi. Ufundi wao ulikuwa katika kule kujitazama: aliyepigwa picha alikuwa mhariri wa kwanza. Kabla yao redio ilikuwa imefanya makubwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 na Chakula ni Uhai ya 1975 ziliwakusanya watu wazima kwa mamilioni katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Redio haikuweza kuonyesha bakuli lenye alama. Ilichoweza, na filamu nyingi za leo hazijui, ni kuwaachia watu muda wa kuzungumza baadaye.

Kinyume chake tunakijua pia. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, kuhusu sangara wa Mwanza, minofu inayopanda ndege na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanayobaki kwa wenyeji. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani. Sitaingia kwenye ugomvi huo. Nasema tu kama mtu wa jikoni: mapanki yamo ndani ya filamu ile kama aibu, yenye funza na moshi, si kama chakula ambacho mama hukiunga na kuwaitia watoto wake. Kamera iliyokuja kutafuta msiba huondoka na msiba. Hata chakula cha maskini kina mpishi, na mpishi ana mkono wake.

Kwa sababu hiyo hiyo simpendi mtu anayefanya filamu ya kumcheka kijana anayekula chipsi mayai. Atampoteza dakika ya kwanza, na atastahili. Chipsi zina ufundi wake: mafuta yanalia, yai linamiminwa, kijiko kinagonga karai, kachumbari inatupwa juu, na vyote vinafanyika mbele ya macho ya mteja, barabarani, chini ya taa. Muuza chipsi ni mwonyeshaji sinema. Kisamvu kinashindwa kwa sababu kinapikwa nyuma ya nyumba, gizani, na mtu ambaye hakuna anayemtazama. Kitoe mbele. Kipe mwanga ule ule, ukaribu ule ule, sauti ile ile. Ruangwa wana timu yao ya Namungo, na vijana wanajua majina ya wachezaji wote. Filamu itakayomfuata mchezaji wa timu ya kijiji hadi jikoni kwa mama yake asubuhi ya mechi, akinywa uji wa mtama wenye karanga bila mtu kutoa hotuba, itatazamwa mara mbili.

Na ikifika siku ya kuonyesha, ufundi haujaisha. Shuka jeupe linafungwa kati ya miembe miwili. Jenereta huwekwa mbali, nyuma ya nyumba, la sivyo litameza sauti za kinu ulizozihangaikia. Watoto watakaa nyuma ya shuka pia, wakitazama picha iliyogeuka kushoto kuwa kulia, na hakuna sababu ya kuwafukuza. Kabla ya hapo, mchana, aliyepigwa picha awe ameshaonyeshwa filamu peke yake ndani, aseme hapa ondoa, hapa sikupendeza, hapa nilimtaja marehemu. Baada ya hapo, kimya. Asisimame ofisa kueleza kilichoonekana. Vibanda vyetu vya video vilikuwa na watu kama Lufufu wa Dar es Salaam, waliotafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa sauti zao wenyewe, wakatania, wakaongeza, wakamwita mwigizaji wa Hong Kong kwa jina la jirani. Hiyo ni sanaa, na filamu ya ming'oko inaweza kuwa na mtu wake wa namna hiyo, kijana mwenye ulimi kutoka pale pale kijijini, asimame kando ya shuka na maikrofoni. Bibi wa kwenye picha atamjibu kutoka mkekani. Watazamaji watabishana kama tui la nazi linafaa au la karanga. Mabishano hayo ndiyo filamu yenyewe inapoanza kuliwa.

Wewe unayesoma hili una simu mfukoni, na huenda una bibi, shangazi au jirani huko Ruponda, Mbekenyera, Nachingwea mjini au popote njugu mawe zinapolimwa. Usiende na maswali ya lishe. Mwambie leo jioni aziloweke, na kesho ufike mapema, kabla hajawasha moto.